Sifuri za Jumatatu: uchambuzi wa kisa cha milisho ya blogu darasani

Jumatatu asubuhi ya wiki ya 3, mwalimu wa kozi ya biolojia alifungua kisomaji chake cha milisho, programu inayomkusanyia machapisho mapya ya blogu za wanafunzi, akakuta machapisho 19. Wanafunzi wako 32, na mwisho wa kuandika ulikuwa Jumapili saa 6 kasoro dakika moja usiku. Akachukua jedwali la alama, akawapa sifuri 13 ambao hawakuonekana, kisha akawatumia ujumbe. Haikufika saa 4 asubuhi, 11 kati yao wakawa wamejibu, wengine kwa kiungo tu bila neno la ziada: chapisho hili hapa, na saa yake hii hapa. Walichokiona haraka kuliko mwalimu ni kwamba walioandika jioni na mapema usiku ndio waliokula sifuri, ilhali walioandika dakika za majeruhi wote walionekana.

Darasa hili ni la mfano, lakini hitilafu zake si za kubuni; ndizo zinazoikuta kozi yoyote inayotumia blogu za wanafunzi na kuzikusanya kwa milisho. Tumelichagua tukio la Jumatatu ile kwa sababu kosa lake lina sura mbili, moja ya mtambo na nyingine ya ratiba, na wengi hurekebisha ya kwanza wakaiacha ya pili.

Mtambo ulivyokuwa

Kila mwanafunzi ana blogu yake, na kila wiki anaandika ripoti fupi ya jaribio la maabara, maneno 400 hivi. Juu ya blogu hizo 32 kuna blogu mama, tovuti ya WordPress (programu ya kuendeshea blogu) yenye programu-jalizi inayopitia milisho ya wanafunzi, kuchota machapisho mapya na kuyaweka mahali pamoja. Blogu mama nayo ina mlisho wake, na huo ndio aliojiandikisha mwalimu kwenye kisomaji chake. Wanafunzi pia waliambiwa wajiandikishe huo huo mmoja.

Mlisho wenyewe (tunasema mlisho, si mpasho, mipasho ina wenyewe, nao wako kwenye taarabu) ni faili la XML, maandishi yenye alama za kusomwa na mashine, ambalo blogu hujiandikia yenyewe kila kitu kipya kinapochapishwa. Ndani yake kila chapisho ni kipengele kimoja chenye kichwa, kiungo, kitambulisho cha kudumu, tarehe ya kuchapishwa, na maandishi yote au dondoo yake. Lugha za faili hilo ni mbili: RSS, iliyoanzia Netscape mwaka 1999 na kufikia toleo la 2.0 mwaka 2002, na Atom, iliyowekewa kanuni rasmi ya mtandao, RFC 4287, Desemba 2005. Kwa mwalimu tofauti hiyo haina uzito, kwa kuwa visomaji karibu vyote vinasoma zote mbili.

Mpango wa blogu nyingi chini ya moja si mgeni. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kozi ya mtandaoni iliyojulikana kama CCK08, iliyovuta washiriki zaidi ya 2,000. Kila aliyetaka aliandika kwenye blogu yake, na programu ya Downes iitwayo gRSShopper ikachota milisho na kutoa jarida la kila siku. Kwa hadhira kubwa namna ile hakuna anayetarajiwa kusoma kila kitu, kwa hiyo chapisho likipotea halimuumizi mtu. Kwenye darasa la wanafunzi 32 wanaopewa alama, moja likipotea kuna anayekosa haki yake.

Kazi inayochukuliwa kirahisi kuliko inavyostahili ni ukusanyaji wa anwani. Hapa mwalimu aliifanya vizuri na ndiyo maana anwani hazikuhusika na tukio la Jumatatu. Alizijaribu zote 32 katika wiki ya 2 akakuta 5 mbovu. Wanafunzi wawili walikuwa wamenakili anwani ya chumba cha uendeshaji, ile yenye *wp-admin* ndani yake, ambayo haifunguki bila nenosiri. Mmoja alileta mlisho wa maoni badala ya mlisho wa machapisho. Mmoja alifungua chapisho lake la kwanza akaongeza */feed/* mwishoni mwa anwani yake. Kwenye WordPress hilo humpa mtu mlisho wa maoni ya chapisho hilo moja tu, nao unafunguka bila kulalamika, hivyo ukiangalia juu juu huoni kasoro. Wa tano blogu yake ilikuwa ya faragha, na kisomaji au blogu mama haina nenosiri la kuingilia humo.

Anwani sahihi kwenye WordPress ni ya blogu yenyewe ikifuatiwa na */feed/*, na kwenye Blogger, huduma ya blogu ya Google, ni ya blogu ikifuatiwa na */feeds/posts/default*. Mwanafunzi mwenye blogu anayoandikia pia mambo yake mengine asilete mlisho mzima. Atengeneze kategoria au lebo ya kozi na kuleta mlisho wa hiyo pekee: */category/biolojia/feed/* kwa WordPress, */feeds/posts/default/-/biolojia* kwa Blogger. Lebo iandikwe vilevile kila wiki, herufi kwa herufi. Mwanafunzi aliyeandika "bailojia" wiki moja hatakuwamo, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea popote.

Uchunguzi

Mwalimu alianza kwa kushuku pale ambapo wengi wangeshuku, kwamba wanafunzi walirudisha tarehe nyuma. Inawezekana kweli, WordPress na Blogger zote zinamruhusu mwandishi kubadilisha saa ya chapisho. Lakini watu 11 kufanya hivyo usiku mmoja bila kupatana ni jambo la kushangaza, na kwa bahati njema alikagua kabla ya kutamka.

Alifungua kwanza blogu za wale 13, moja moja. Kumi na moja zilikuwa na ripoti ya wiki ya 3, mbili hazikuwa nayo. Kisha akaingia chumba cha uendeshaji cha blogu mama na kuhesabu: machapisho 30, kamili. Uchotaji basi ulikuwa umefanya kazi. Hatua ya tatu ndiyo iliyofichua. Alifungua mlisho wa blogu mama kwenye kivinjari, akaonyesha chanzo cha ukurasa na kutafuta neno *<item>*, alama inayoanza kila kipengele. Lilitokea mara 10.

Kila kimoja cha vile 10 kilikuwa na mstari wa tarehe wa namna hii:

*<pubDate>Sun, 14 Sep 2025 19:40:00 +0000</pubDate>*

Ile +0000 ina maana kwamba saa hiyo ni ya Greenwich. Darasa lililo mbele kwa saa 3 litaisoma 22:40, yaani saa 4 na dakika 40 usiku. Hicho kilikuwa kipengele cha zamani kuliko vyote kwenye mlisho. Machapisho yote 11 yaliyopotea yalikuwa yameandikwa kati ya saa 12 jioni na saa 4 na nusu usiku.

Dirisha la vipengele kumi

WordPress isipoguswa huweka kwenye mlisho machapisho 10 ya karibuni, si zaidi. Likiingia la 11, la kwanza linadondoka. Kwa blogu ya mtu mmoja anayeandika mara moja kwa wiki, kumi ni akiba ya miezi miwili na zaidi. Kwa blogu mama ya watu 32 wenye mwisho mmoja wa kuandika, kumi ni kidogo mno.

Sasa tuone kilichotokea. Blogu mama ilipangiwa kuchota kila saa 12: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Toka Jumatatu iliyotangulia hadi Jumapili jioni yaliingia machapisho 9, moja leo, mawili keshokutwa, na kisomaji cha mwalimu, kinachopita kila saa, kikayaona yote. Toka Jumapili saa 12 jioni hadi usiku wa manane wanafunzi 21 waliandika. Hakuna kilichochotwa hadi alfajiri, kisha yote 21 yakaingia kwa mkupuo. Blogu mama huyapa tarehe yaliyozaliwa nayo, si tarehe ya kuchotwa, kwa hiyo mlisho wake uliyapanga kwa saa ya kuandikwa, ukachukua 10 ya mwisho na kuyaacha 11 ya nyuma yake. Kisomaji kilipopita kiliona 10. Yale 11 hayakuwahi kuwa kwenye mlisho hata kwa dakika moja.

Tisa na kumi ni 19. Hesabu ya mwalimu ilikuwa sahihi. Alichokihesabu ndicho hakikuwa kazi ya darasa.

Kuna jambo moja la WordPress linalozidisha ubaya huu. Ratiba yake ya ndani haiendeshwi na saa ya seva, inasubiri mtu aitembelee tovuti. Tovuti ya darasa usiku haina mgeni, hivyo uchotaji uliopangwa saa 12 asubuhi unaweza kuanza saa 2, pale mtu wa kwanza anapofungua ukurasa. Dawa yake ni kuweka kazi ya *cron* (kazi inayojiendesha kwa saa ya seva) kwenye seva yenyewe iite faili la *wp-cron.php* kila baada ya dakika 15 au 30. Kwa huduma nyingi za seva ni mstari mmoja kwenye paneli.

Kilichorekebishwa

Kwanza sifuri 11 zilifutwa siku ileile, na maelezo ya kilichotokea yakawekwa kwenye blogu mama ambako kila mtu anayaona. Hilo tunalitaja mwanzo kwa makusudi. Darasa linaloamini kwamba mashine inakula kazi litaanza kutuma kila kitu pia kwa barua pepe, "kwa usalama", na ndani ya wiki mbili mwalimu anakuwa na mifumo miwili ya kusimamia.

Halafu idadi ya vipengele kwenye mlisho wa blogu mama ilipandishwa kutoka 10 hadi 70. Inabadilishwa kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma. Kwa nini 70? Kanuni tunayoitumia: chukua idadi kubwa kabisa ya machapisho yanayoweza kuingia kati ya ziara mbili za msomaji mzembe kuliko wote, kisha izidishe mara mbili. Visomaji vingine vya simu havichoti chochote mpaka vifunguliwe, na yupo mwanafunzi atakayefungua chake Jumamosi tu. Kwa huyo wiki nzima ni machapisho 32. Mara mbili ni 64. Ongeza ya waliochelewa. Faili linakuwa zito kiasi, labda kilobaiti 300 bila picha, lakini halitumwi zima kila saa. Kisomaji kilichoandikwa vizuri huuliza kwanza kama kuna jipya, na kama hakuna seva hujibu kwa namba 304 na kuishia hapo.

Na mwalimu akaacha kutumia blogu mama kama daftari la mahudhurio. Blogu mama ibaki kuwa baraza la wanafunzi kusomeana. Yeye alijiandikisha moja kwa moja kwenye milisho yote 32, ambako kila mmoja una chapisho moja kwa wiki na dirisha la 10 halimtishi mtu. Hakuiingiza kwa mkono. Aliandika faili la OPML, orodha ya milisho inayosomwa na visomaji, lenye mstari mmoja kwa kila mwanafunzi (A-03 ni namba ya mwanafunzi):

*<outline text="A-03" type="rss" xmlUrl="https://mfano-a03.example.org/feed/"/>*

Faili hilo linaingizwa kwenye kisomaji mara moja, na mistari ikifungwa ndani ya *outline* nne za nje, visomaji vingi huonyesha makundi manne, yale tutakayoyaona kwenye ratiba mpya. Linafaa pia kutunzwa nje ya kisomaji. Google Reader, kisomaji cha Google, ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013, aliyekuwa na orodha yake ndani ya OPML aliiingiza kwingine akaendelea na kazi. Aliyeiacha humo ilibidi aanze kutafuta anwani upya.

Wakati wa kuhamia milisho ya moja kwa moja kasoro nyingine ndogo ilijitokeza. Machapisho ya wanafunzi wawili yalionekana kuwa na aya moja fupi iliyokatika katikati ya sentensi. Blogu zao zilikuwa zimewekwa kutoa dondoo badala ya maandishi kamili, na dondoo ya kawaida ya WordPress ni maneno 55. Mwalimu anayesomea kisomajini bila kubofya kiungo angeandika "fupi mno" chini ya ripoti ya maneno 400. Mpangilio huo uko palepale kwenye sehemu ya kusoma. Kwenye Blogger uko kwenye mipangilio ya mlisho wa tovuti.

Jumapili usiku

Mtambo umepona. Ungeweza kuishia hapo na wanafunzi wangeendelea kuandika Jumapili usiku, wote 21 na ushee, kila chapisho likionekana. Kwa maoni yetu kozi ingekuwa bado mbovu, kwa sababu blogu inayoandikwa na watu wote wakati mmoja na kusomwa na mwalimu kesho yake ni sanduku la kukusanyia madaftari, tofauti ni kwamba liko hadharani. Faida ya mlisho ni kwamba kitu kinakufikia kinapotoka, kimoja kimoja, ukiwa na nafasi ya kukisoma na kukijibu. Ukimlundikia mtu 21 kwa asubuhi moja atapitisha macho tu.

Ushahidi ulikuwa kwenye maoni. Sharti lilikuwa kila mwanafunzi atoe maoni mawili kwa wiki, na siku ya mwisho ya maoni ilikuwa Jumapili ileile. Wenye chapisho la kutolewa maoni kabla ya Jumapili jioni walikuwa 9. Matokeo yake blogu tatu za mwanzo zilipata maoni kumi kumi, ya "hongera, umeeleza vizuri", na 23 hazikupata hata moja.

Ratiba mpya ililigawa darasa makundi manne ya watu 8. Kundi A mwisho wao ni Jumanne, B Jumatano, C Alhamisi, D Ijumaa, wote saa 3 usiku. Maoni yanatolewa ndani ya saa 48 baada ya hapo: B wanawasoma A, C wanawasoma B, D wanawasoma C, na A wanawasoma D. Ndani ya kundi hakuna kuchagua. Msomaji wa 1 ana chapisho la 1 na la 2, wa 2 ana la 2 na la 3, hivyo hivyo hadi wa 8 mwenye la 8 na la 1. Kila chapisho linapata wasomaji wawili, si zaidi wala si pungufu. Wanafunzi hulalamika kwamba wamenyimwa uhuru wa kusoma wanachokipenda. Wasome, ila maoni yenye alama ni hayo mawili.

Angalia pia kilichotokea upande wa mtambo: sasa hakuna uchotaji mmoja unaotarajiwa kuleta zaidi ya machapisho 8. Hata dirisha la kumi lingetosha, ingawa kwa tabu.

Mzigo wa mwalimu nao ukabadilika. Kusoma kwa makini ripoti moja na kuiandikia kunachukua dakika 15. Zote 32 ni saa 8 kwa wiki, na hakuna anayedumu nazo. Alichofanya ni kusoma kwa makini 8 kwa wiki, mbili kutoka kila kundi, na zile 24 kuzipitia kwa dakika mbili mbili, akiangalia kama jedwali la vipimo lipo na kama hitimisho linatoka kwenye vipimo hivyo. Jumla haifiki saa 3. Toka wiki ya 4 hadi ya 11 kila mwanafunzi anasomwa kwa makini mara mbili, na hajui ni wiki ipi.

Kuhusu maoni yenyewe, sharti la "toa maoni yenye kujenga" halina maana kwa mtu ambaye hajaonyeshwa. Sharti lililofanya kazi ni la kimashine zaidi: nukuu sentensi moja au tarakimu moja kutoka kwenye chapisho, kisha uliza au ongeza kitu kinachoihusu hiyo. Wiki ya osmosisi, jaribio la vipande vya viazi kwenye maji ya chumvi, mmoja aliandikiwa hivi:

"Unasema kipande kilipungua gramu 0.4. Uzito wa mwanzo hukuutaja. Kama kilikuwa na gramu 2 kimepoteza asilimia 20, kama kilikuwa na 8 ni asilimia 5 tu. Kipi?"

Hapo hakuna hongera, na hakuna aliyeihitaji. Mwandishi alirudi akaongeza safu ya uzito wa mwanzo kwenye jedwali lake, na wiki iliyofuata wengine wanne kwenye kundi lake waliiweka bila kuambiwa.

Kurudi huko kusahihisha kunataka tahadhari. Chapisho likihaririwa, kitambulisho chake kwenye mlisho hakibadiliki, na kila kisomaji kina tabia yake: kingine hubadilisha maandishi kimyakimya, kingine hubaki na toleo la kwanza. Blogu mama hali kadhalika. Alama zisitolewe kwenye kisomaji, zitolewe kwenye ukurasa wa blogu yenyewe. Marekebisho nayo yaandikwe mwishoni chini ya neno "Marekebisho" na tarehe, ili aliyeuliza swali aone jibu lake na asiyeuliza ajue kulikuwa na swali.

Blogu iliyonyamaza

Wiki ya 6 blogu ya B-05, mwanafunzi wa 5 wa kundi B, iliacha kuingia popote, si kwa mwalimu wala kwenye blogu mama, ingawa kwenye kivinjari ilifunguka vizuri na chapisho jipya lilikuwepo. Dalili ya namna hiyo karibu kila mara ni XML iliyovunjika. Kivinjari kinavumilia ukurasa wenye kasoro. Kisomaji makini hakivumilii XML yenye kasoro, kinakataa faili zima.

Njia ya kujua ni kuipeleka anwani ya mlisho kwenye kikaguzi cha milisho cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, kinachotaja mstari na herufi yenye tatizo. Hapa kilitaja herufi ya udhibiti isiyoonekana, katikati ya aya ya pili. Mwanafunzi alikuwa amenakili aya kutoka kwenye PDF, na herufi hiyo ikaja nayo. XML 1.0 hairuhusu nyingi za aina hiyo, na jukwaa la blogu yake halikuichuja. Ilitosha kufuta aya na kuiandika upya kwa mkono, au kuibandika kwanza kwenye kihariri cha maandishi matupu kinachoonyesha herufi zilizofichika.

Kasoro hii haiishi kwa mwanafunzi kuandika chapisho lingine. Lenye herufi mbovu likibaki ndani ya dirisha la kumi, faili zima linaendelea kukataliwa. Kwa mtu anayeandika mara moja kwa wiki zitapita wiki 10 ndipo lidondoke, na kozi imekwisha.

Ndugu yake ni kosa la mstari mtupu kabla ya *<?xml*, ambalo huwapata wenye WordPress kwenye seva zao waliobandika kipande cha msimbo kwenye mandhari ya tovuti. Kikaguzi kitasema tamko la XML haliko mwanzoni mwa faili. Mstari huo mtupu kwa kawaida umejificha mwishoni mwa *functions.php*, baada ya alama ya kufunga PHP.

Majina, na siku ya kufunga

Wanafunzi walipewa namba, A-01 hadi D-08, ili majina yao yasitokee mtandaoni. Wengi waliweka namba kwenye kichwa cha blogu na kudhani yameisha. Mlisho wa WordPress unabeba pia jina la mwandishi ndani ya *dc:creator*, nalo ni lile jina la kuonyeshwa lililoko kwenye wasifu wake. Kama wasifu una majina matatu kamili, kila aliyejiandikisha anayaona, hata kama mandhari ya blogu inayaficha. Libadilishwe kabla ya chapisho la kwanza, kwa kuwa kilichokwisha kuchotwa hakirudi. Kulifuta chapisho kwenye blogu hakulifuti kwenye blogu mama wala kwenye visomaji vilivyokwisha kulihifadhi. Mwanafunzi aambiwe hivyo siku ya kwanza, na mzazi pia kama mwanafunzi hajatimiza umri wa kujiamulia. Kwa sababu hiyohiyo alama na lawama haziandikwi kwenye maoni, maana maoni nayo yana mlisho wake.

Darasa ambalo haliwezi kabisa kuwa hadharani lisijaribu kuunganisha blogu za faragha na milisho. Nenosiri na mlisho haviendi pamoja kwa visomaji vingi. Blogu moja ya pamoja iliyofungwa, wanafunzi wote wakiwa waandishi ndani yake, italisaidia zaidi.

Wiki ya 12 ikiisha, blogu mama inaachwa ilivyo na kila mtu anakwenda zake. Lakini uchotaji haujui kwamba kozi imefungwa. Mwanafunzi aliyeleta mlisho mzima badala ya ule wa kategoria ya kozi, akiandika mwaka kesho kuhusu msiba wa nyumbani au kazi aliyoikosa, chapisho litaonekana kwenye tovuti ya biolojia, chini ya namba yake ya A-03, karibu na ripoti ya viazi. Siku ya kutoa alama za mwisho, kabla hata ya kuhifadhi nakala, milisho yote 32 iondolewe kwenye orodha ya uchotaji na ile kazi ya *cron* izimwe.